Nikikompaili Firefox mwenyewe kwa prosesa yangu, itakuwa nyepesi zaidi?

Swali la msomaji: Habari mtaalamu. Nina laptopu yenye Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya GB 8, natumia Linux. Firefox imekuwa nzito, hasa nikicheza video au nikifungua kurasa zenye mambo mengi. Nimesoma kwamba toleo rasmi hutengenezwa kwa prosesa za zamani ili liweze kuendeshwa kila mahali, na kwamba nikilikompaili mwenyewe kwa `-O3 -march=native -ffast-math` nitapata kivinjari chepesi zaidi. Ni kweli? Na kama ni kweli, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, ulichosoma ni kweli nusu. Firefox rasmi ya Linux ya biti 64 haitegemei uwezo wowote zaidi ya ule ambao kila prosesa ya x86-64 imekuwa nao tangu AMD ilipoitoa Opteron mwaka 2003, yaani inaishia SSE2, kundi la amri za prosesa za kushughulikia namba nyingi kwa pamoja. Na prosesa yako, ambayo Intel waliipa jina la Haswell na kuitoa mwaka 2013, ina amri nyingi zilizokuja baadaye: AVX, AVX2, FMA, BMI1, BMI2. Kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba amri hizo zimekaa bure. Kazi ambazo zingefaidika nazo zaidi tayari zinazitumia. Tena nikuambie mapema: ukikompaili (yaani ukigeuza msimbo chanzo kuwa programu) kwa swichi hizo tatu peke yake, upo uwezekano mkubwa utoke na kivinjari kizito kuliko hicho unachokilalamikia.

Chukua JavaScript, ambayo ndiyo hula muda mwingi kwenye kurasa "zenye mambo mengi". Msimbo wa JavaScript haupiti kwenye kompaila yako hata kidogo. Unaletwa na ukurasa, kisha injini ya Firefox, SpiderMonkey, inautafsiri kuwa lugha ya mashine papo hapo, wakati wewe unasoma. Injini hiyo ikiwashwa huiuliza prosesa kwanza: una SSE4? una POPCNT? una BMI? Halafu huandika amri kulingana na majibu. V8 ya Chrome hufanya vivyo hivyo. `-march=native`, swichi inayoiambia kompaila itumie amri zote za prosesa ya mashine hiyo, inaweza kubadilisha namna injini yenyewe ilivyokompailiwa, lakini msimbo ambao injini inauzalisha hauguswi.

Video nayo iko hivyo hivyo. Kifungua-video cha AV1 (mfumo mmoja wa kubana video) kinachotumiwa na Firefox, dav1d, kimeandikwa kwa asembli ya mkono, yaani lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine, na ndani ya faili lilelile moja mna matoleo kadhaa ya kila kazi nzito: la SSSE3, la AVX2, la AVX-512. Programu ikianza inachagua lile linaloifaa mashine. Kifungua-video cha VP9, libjpeg-turbo ya picha, na Skia inayochora maumbo, vyote vina utaratibu wa namna hiyo. Maktaba ya usimbaji fiche, NSS, inatumia AES-NI ikiikuta. Waandishi wa maktaba hizi wanajua kwamba kazi yao inategemea amri za SIMD (amri moja kwa data nyingi kwa pamoja), wala hawakusubiri wewe uje na swichi.

Kinachobaki ni nini, basi? Ni msimbo wa C++ na Rust unaosoma HTML, unaojenga mti wa DOM (muundo wa ukurasa ndani ya kumbukumbu), unaokokotoa mitindo ya CSS na kupanga vitu kwenye ukurasa. Ni mwingi sana. Faili la `libxul.so`, ambamo karibu Firefox nzima imo, lina ukubwa wa zaidi ya MB 100. Lakini tabia yake si ya kufaidika na AVX2. AVX2 inang'ara pale unapokuwa na safu ndefu ya namba zinazofanyiwa kitu kilekile. Huku kuna maswali ya ndiyo-au-hapana yasiyoisha na kuruka kutoka anwani moja ya kumbukumbu hadi nyingine: elementi hii ina mzazi? mzazi ana mtindo gani? mtindo huo umebadilika? Prosesa hapa hukaa ikingoja data ifike kutoka RAM, au ikingoja amri zenyewe zifike kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. BMI2 itapunguza amri moja hapa na moja pale, kwa mfano kusogeza biti bila kuchafua rejista ya alama. Ni faida ya kweli, ila ni ndogo, na mara nyingi inazama ndani ya tofauti za kawaida kati ya jaribio na jaribio.

Hilo la kashe ndilo linaloiponza `-O3`. Kila kiini cha Haswell kina kashe ya amri ya KB 32 tu. `-O3` inaiambia kompaila ikunjue mizunguko na kuingiza funksheni ndani ya funksheni nyingine bila ubahili, hivyo msimbo unanenepa. Kwenye programu ndogo ya hesabu, unene huo unalipa. Kwenye programu ya MB 100 ambayo kila sekunde inarukaruka kati ya maelfu ya funksheni, unene maana yake ni amri nyingi zaidi kugombania nafasi ileile ya KB 32. Ndiyo maana mimi hubaki na `-O2`, kiwango cha chini yake, kwa kivinjari na kuacha ukali mwingine uamuliwe kwa vipimo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho makala nyingi za aina uliyoisoma hazikitaji, nacho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Toleo rasmi la Firefox limekompailiwa kwa PGO na LTO. PGO ni utaratibu wa kukompaili mara mbili. Mara ya kwanza kompaila inapachika vihesabio kila kona ya programu. Kisha kivinjari kinaendeshwa kwenye kurasa za majaribio na vihesabio vinarekodi ni njia zipi zinapitiwa kila mara na zipi hazipitiwi kabisa. Kisha kompaila inarudi kuanza upya ikiwa na kumbukumbu hizo mkononi. Safari hii inajua. Funksheni zinazoitana mara kwa mara inazipanga jirani, zile za kushughulikia makosa ambayo hayatokei inazitupa pembeni, na unene ule wa `-O3` inauweka pale tu unapolipa. LTO kwa upande wake inaiwezesha kompaila kuona programu nzima kwa pamoja badala ya faili mojamoja, na kwa Firefox inavuka hata mpaka wa C++ na Rust. Kuhusu ukubwa wa faida: Google walipowasha PGO ya kompaila ya Clang katika Chrome 85, Agosti 2020, walisema kurasa zilifunguka kwa kasi iliyozidi hadi asilimia 10. Sijaona `-march=native` ikikaribia hapo kwenye kivinjari.

Kwa hiyo fikiria kinachotokea mtu anapochukua msimbo chanzo, akaweka swichi zake tatu na kuujenga. Ameongeza faida ndogo ya AVX2 na BMI, akatupa faida kubwa ya PGO na LTO bila kujua kwamba alikuwa nayo. Halafu anafungua kivinjari chake kipya chenye profaili tupu, bila viongezi na bila historia ya miaka, anakiona chepesi, anaandika makala. Wepesi ule umetokana na profaili tupu.

Usinielewe kwamba wazo lenyewe ni la kijinga tangu mwanzo. Lilikuwa na mantiki nzuri enzi zake. Miaka ya 2000, programu za biti 32 zilikompailiwa kwa prosesa za rika la i386 hadi i686, hesabu za desimali zikafanywa kwa rafu ile ya x87 (kitengo cha zamani cha desimali) iliyochosha kila mtu, na SSE2 haikuweza kutegemewa. Wakati huo mradi kama Swiftfox, uliotoa Firefox ya Linux iliyojengwa mahususi kwa kila aina ya prosesa, ulikuwa na jambo la kuuza. Biti 64 ikaja na SSE2 kama lazima, na pengo likapungua sana. Hata kwenye biti 32 Firefox ilianza kuidai SSE2, kwa Windows tangu toleo la 49 la mwaka 2016. Ushauri umebaki unazunguka mtandaoni, sababu zake zilishaondoka.

`-ffast-math` iondoe kabisa. Hapa sisemi kwamba faida yake ni ndogo. Nasema ni swichi ya kuvunja kivinjari. Inaiahidi kompaila kwamba NaN (thamani ya "si namba") na infiniti hazitatokea kamwe, na kwamba hesabu za desimali zinaweza kupangwa upya itakavyo. JavaScript inataka kinyume chake: kanuni za IEEE 754, kiwango cha hesabu za desimali, zifuatwe hadi biti ya mwisho, na NaN ni thamani halali ambayo kurasa huitegemea. Zaidi ya hapo, SpiderMonkey huhifadhi kila thamani ya JavaScript katika biti 64, na aina ya thamani pamoja na anwani za vitu huzificha ndani ya ile nafasi ya biti ambayo IEEE 754 imeitenga kwa NaN. Umeiambia kompaila kwamba NaN haipo, nayo ina haki ya kufuta kila mahali panapouliza "hii ni NaN?". Matokeo yanaweza kuwa ukurasa unaokosea hesabu kimyakimya, na huo ni ubaya kuliko kivinjari kinachoanguka, maana kinachoanguka utakigundua. GCC, kompaila nyingine inayotumika sana Linux, kabla ya toleo la 13 ilikuwa na kioja kingine: maktaba iliyounganishwa kwa swichi hiyo, ikipakiwa tu, ilibadilisha namna prosesa inavyoshughulikia namba ndogo sana kwa programu nzima, hata sehemu ambazo hazikukompailiwa nayo.

Kuna mtego mdogo wa jamii hiyohiyo ndani ya `-march=native` yenyewe. Kwa kuwa Haswell ina FMA, kompaila inaweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja yenye kukadiria mara moja badala ya mbili. GCC hufanya hivyo bila kuombwa. Jibu linakuwa sahihi zaidi kihesabu, lakini si lilelile. Ukitaka usalama, ongeza `-ffp-contract=off`.

Sasa, kabla hujapakua hata mstari mmoja wa msimbo chanzo, turudi kwenye malalamiko yako. Umesema video. Fungua `about:support`, tafuta sehemu ya michoro, uangalie mstari wa Compositing. Ukikuta "WebRender (Software)", basi uchoraji wote unafanywa na prosesa wakati una GPU (chipu ya michoro) ya Intel imekaa tu, na hakuna swichi ya kompaila itakayokuokoa. Shida iko kwenye draiva. Ukikuta "WebRender" peke yake, hapo pazuri, songa mbele. Pembeni yake kuna jedwali la kodeki linaloonyesha zipi zinafunguliwa na maunzi. Firefox 115, ya Julai 2023, ndiyo iliyowasha kufungua video kwa maunzi ya Intel kwenye Linux bila mtumiaji kugusa chochote, lakini draiva ya VA-API (njia ya Linux ya kuipa GPU kazi ya video) ya mfumo wako lazima iwepo.

Hata ikiwepo, Haswell ina mtambo wa H.264, haina wa VP9 wala wa AV1. Tovuti kubwa za video hupenda kutuma VP9 au AV1 kwa sababu zinaokoa upana wa mtandao. Prosesa yako ya mwaka 2013 inazifungua kwa nguvu zake zenyewe, na ndiyo maana feni inalia. Nenda `about:config`, weka `media.av1.enabled` iwe `false`. Tovuti nyingi zitarudi kwenye VP9, ambayo ni nafuu kidogo. Nafuu kubwa inapatikana ukitumia kiongezi kinachoiomba tovuti H.264, maana hapo mtambo wa maunzi unachukua kazi yote na prosesa inapumzika. Ubora utaishia kwenye 1080p katika tovuti nyingi; kwa skrini ya laptopu hiyo sidhani utalia.

Kuhusu kurasa nzito, fungua `about:processes` wakati uzito umekukamata. Utaona kichupo gani au kiongezi gani kinakula CPU, na kipi kinakula RAM. Kwa GB 8, nashuku sana kwamba tatizo lako ni kumbukumbu: mfumo ukianza kutumia swopu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa), kila kitu kinakuwa kizito kwa kiwango ambacho hakuna kompaila inayoweza kukifidia. Kizuia-matangazo kizuri kitakuondolea JavaScript ambayo hukuihitaji toka mwanzo. Msimbo usioendeshwa una kasi kuliko uliokompailiwa vizuri.

Ukishafanya hayo na bado una hamu ya kujenga, jenga. Ni kazi inayofundisha, na ukiifanya kwa mpangilio sahihi unaweza kupata asilimia chache juu ya toleo rasmi. Uhakikishe kwanza unacho unachofikiri unacho. Andika kwenye terminali:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`

Kwa glibc (maktaba ya msingi ya C ya Linux) 2.33 na kuendelea, mwishoni itakuorodheshea viwango vya x86-64 ambavyo mashine yako inavimudu: v2, v3, v4. Viwango hivi vilikubaliwa mwaka 2020 na AMD, Intel, Red Hat na SUSE ili watu waache kuhesabu amri mojamoja. Kiwango cha v3 ndicho chenye AVX2, BMI na FMA, nawe unapaswa kukiona. Wasomaji wengine wasijiamini kwa mwaka wa mashine tu: kwa miaka mingi baada ya Haswell, Intel waliendelea kuuza Pentium na Celeron zilizonyimwa AVX kabisa, hata zikiwa za kizazi cha juu kuliko cha kwako.

Msimbo chanzo wa Firefox uko kwenye hazina ya Git tangu Mei 2025. Chukua tawi la `release`, usichukue `main`, maana hilo la pili ni uwanja wa majaribio. Ukiwa ndani ya folda, `./mach bootstrap` itakuletea kompaila ya Clang na vifaa vingine. Kisha tengeneza faili linaloitwa `mozconfig`, uandike:

```
ac_add_options --enable-application=browser
ac_add_options --enable-release
ac_add_options --enable-optimize="-O2"
ac_add_options --enable-lto=cross
ac_add_options MOZ_PGO=1
ac_add_options --disable-debug
ac_add_options --disable-tests
export CFLAGS="-march=haswell -ffp-contract=off"
export CXXFLAGS="-march=haswell -ffp-contract=off"
export RUSTFLAGS="-C target-cpu=haswell"
```

Mstari wa mwisho usiuache. Sehemu kubwa ya Firefox, ikiwemo injini yote ya CSS tangu toleo la 57 la Novemba 2017, imeandikwa kwa Rust, nayo haisomi `CFLAGS`. Wengi wanaojisifu kwamba kivinjari chao "kizima" ni cha prosesa yao wameiacha sehemu hiyo vilevile ilivyokuwa. Ikiwa Clang na Rust uliyonayo zimejengwa juu ya matoleo tofauti ya LLVM (msingi wa kompaila zote mbili), `cross` itagoma; tumia `--enable-lto=thin`, utapoteza kidogo tu.

Nimeandika `haswell` badala ya `native` makusudi. `native` maana yake ni prosesa ya mashine inayokompaili, na kwa kweli nakushauri usikompaili kwenye laptopu hiyo kama una njia nyingine. Mozilla wanapendekeza RAM ya GB 8 au zaidi na diski yenye nafasi ya GB 30 kwa ujenzi wa kawaida, usio na PGO wala LTO. Ukiziongeza hizo, hatua ya kuunganisha inameza kumbukumbu kwa fujo, na PGO inakulazimu ujenge kila kitu mara mbili. Kwa GB 8 inawezekana, ila ongeza swopu ya kutosha, funga kila kitu kingine, tumia `./mach build -j2`, na ukubali kwamba mashine haitakuwa yako kwa siku hiyo. Chromium usiiwaze: wao wanataka diski ya GB 100 na wanapendekeza RAM ya zaidi ya GB 16.

Ukipata mashine kubwa ya kuazima, hakikisha nayo ina AVX2. Katikati ya ujenzi wa PGO kivinjari chenye vihesabio hufunguka chenyewe na kupitia kurasa za majaribio (usikiguse kikijitokeza kwenye skrini), na kama mashine hiyo haina amri za Haswell, kitakufa palepale kwa ujumbe wa "Illegal instruction". Ujumbe huohuo ndio atakaoupata rafiki yako ukimkopia kivinjari chako aweke kwenye Celeron yake. Na ukimkopia, usimwambie ni Firefox: jina na nembo ni alama za biashara za Mozilla, na ulichojenga kitajitambulisha kwa jina na nembo nyingine.

Wakati wa kuhangaika na makosa ya ujenzi utakutana na ushauri wa kuongeza `--without-wasm-sandboxed-libraries`. Utaondoa kosa, ndiyo, lakini utaondoa pia ukuta ambao Firefox imeuweka tangu toleo la 95 kuzitenga baadhi ya maktaba za nje ili dosari zake zisifike kwenye kivinjari kizima. Tafuta kifurushi kinachokosekana badala yake. Vivyo hivyo kwa yeyote anayekwambia uzime ulinzi wa rafu au `_FORTIFY_SOURCE` kwa ajili ya kasi. Kivinjari ni programu inayoendesha msimbo wa watu usiowajua siku nzima. Ulinzi huo una gharama ndogo na unaulipia kwa sababu.

Ukimaliza, pima, na upime kwa haki. Linganisha toleo lako na lile rasmi la namba ileile, yote mawili kwa profaili mpya tupu. Fungua `about:buildconfig` katika kila moja usome swichi zilizotumika; ukiona la rasmi lina `lto` na `profile-use` na la kwako halina, rudi nyuma. Chomeka chaja, weka gavana wa CPU (mpangilio wa kasi ya prosesa) kwenye `performance`, iache mashine ipoe kati ya majaribio, maana laptopu ya umri huo ikipata joto inajipunguza kasi na utapima joto badala ya kompaila. Speedometer 3, iliyotoka Machi 2024 kwa ushirikiano wa wenye injini zote kubwa za vivinjari, inagusa DOM, mitindo na JavaScript kwa pamoja, kwa hiyo inafaa kuliko vipimo vya JavaScript tupu. Endesha moja, kisha jingine, kisha rudia la kwanza, kwa kupokezana hivyo mara kadhaa. Tofauti kati ya majaribio ya kivinjari kilekile kimoja ikiwa kubwa kuliko tofauti ya vivinjari viwili, basi bado hujapata kitu.

Tuseme umepata asilimia tatu. Bei yake ni kwamba Firefox inatoa toleo jipya takriban kila wiki nne, na katikati hutokea marekebisho ya dharura ya usalama. Toleo rasmi linajisasisha; la kwako litakungoja wewe, na kila mara ni ujenzi mzima upya, mara mbili kwa sababu ya PGO. Kivinjari chenye kasi ya asilimia tatu zaidi na tundu la usalama la mwezi uliopita sikitumii mimi, na sikushauri ukitumie kuingia benki. Kwa hiyo kama hujajiandaa kujenga kila mwezi, baki na rasmi kwa kazi zako na uweke la kwako kwa kujifunzia.

Ukiyaweka yote mawili kwenye mashine moja, yape profaili tofauti kupitia `about:profiles`. Firefox hukataa kufungua profaili ambayo imeshaguswa na toleo jipya zaidi, na la kwako likipitwa na la rasmi utajikuta umefungiwa nje ya alamisho zako mwenyewe hadi umalize kujenga tena.